Nassibu bin Huseni Mpendu, Aliyeandika Barua za Kiboko

Tumekusanyika hapa Umwe kumsomea hitma Mzee Nassibu bin Huseni Mpendu, tuliyemzika juzi Ijumaa baada ya sala. Maneno haya yameandikwa na binti yake mkubwa, Mwantum, yanasomwa na mwana wa marehemu, Huseni, na karatasi mliyoishika imechapwa kwa mtambo wa marehemu mwenyewe kule Kibiti. Marehemu aliagiza wasifu wake usipambwe. Alisema amesikiliza wasifu wa watu wengi katika maisha yake na hajasikia hata mmoja uliosema kuwa marehemu aliwahi kuogopa. Wake, alisema, useme.

Marehemu alizaliwa hapa Umwe mwaka 1882, mwezi wa Rajabu, maji ya mto yakiwa bado yamesimama mashambani. Mama yake, Bi Biasha, alikuwa juu ya dungu akiwinga ndege wa mpunga uchungu ulipomshika, na mkunga alifikishwa kwa mtumbwi. Hivyo marehemu alizaliwa juu ya nguzo, katikati ya mpunga, mamba wakisikika chini. Baba yake, Mzee Huseni, alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Tamimu, aliyemtangulia marehemu kwa miaka mitatu. Ndugu hawa walilala mkeka mmoja mpaka wakawa wakubwa. Tamimu ndiye aliyekuwa mcheshi. Angeweza kuiga mwendo wa mtu yeyote wa Umwe, akatoka mlango wa mbele kama imamu na kurudi kwa mlango wa nyuma kama mke wa imamu. Kila marehemu aliposifiwa kwa maandishi yake alijibu hivi: "Mcheshi alikuwa kaka. Mimi nilikuwa na wino tu."

Alisoma Kurani kwa Mwalimu Khamisi hapa hapa Umwe, akahitimu akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka 1896 mjomba wake alimchukua Kilwa akamwingiza shule ya serikali, na huko alijifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Mwalimu mmoja alimkamata akiiga kikohozi chake mbele ya darasa. Akamsimamisha juu ya benchi na kumwamuru akohoe mpaka darasa lote lichoke. Darasa halikuchoka, na mwishowe mwalimu mwenyewe alitoka nje akicheka. Marehemu aliisimulia habari hii kwa furaha, ila alizoea kumalizia kwa kusema kuwa ilimfundisha vibaya. Ilimfanya aamini kwamba mwenye nguvu akikucheka umekwisha kupona.

Alimaliza shule mwaka 1899, na mwaka uliofuata akaajiriwa ukarani na Bwana Rajabali Hasan, mwenye duka Mohoro, aliyekuwa akinunua nta, mpunga na boriti za mikoko kutoka deltani. Mohoro ndiko kulikokuwa na boma la Wadachi. Kila mavuno Tamimu alikuja kwa mtumbwi kuuza mpunga, akilala siku mbili tatu katika chumba cha nduguye, na hapo ndipo Barua za Kiboko zilipoanza. Tamimu alisema, marehemu aliandika, kisha barua ikapelekwa kwa gazeti moja la pwani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1903. Ilianza hivi: "Mimi ni Kiboko wa mtoni, si yule wa ngozi anayening'inia mlangoni pa akida. Yule ni ndugu yangu. Alichunwa, akakaushwa, kisha akapewa kazi serikalini."

Watu waliocheka barua ile walikuwa na alama za kiboko cha ngozi migongoni. Gazeti lilipofika Mohoro lilisomwa barazani kwa Bwana Rajabali, na waliokosa nafasi barazani walisimama barabarani. Hata akida wetu, Abdala bin Khamisi, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kutusimamia, alikuja kusikiliza. Alicheka sana. Alikuwa akijipiga paja na kuomba irudiwe. Jina la mwandishi halikuandikwa, na akida hakuuliza.

Wakati huo watu walikuwa wakilimishwa pamba katika mashamba ya jumuiya, nao mpunga wao ukiliwa na ndege kwa kukosa wa kuuwinga. Mwezi wa Mei 1905 Kiboko aliandika kwamba ameingia shamba la pamba la Umwe, amekula mistari miwili, na tumbo limemuuma siku nzima. "Enyi watu wa Umwe," aliandika, "mnalima kitu ambacho hata mimi nimekitema. Nikirudi sitakula tena. Nitang'oa." Baraza lilicheka kama siku zote. Akida pia alicheka. Kisha akaomba isomwe mara ya pili, na safari hii hakucheka. Alilichukua gazeti, akalikunja, akalitia mfukoni mwa kanzu na kuaga kwa adabu. Bwana Rajabali alimtazama mpaka alipopotea njiani, halafu akamwambia marehemu, "Nassibu, Kiboko apumzike kidogo."

Lakini barua ilikwisha kwenda mbali. Mwishoni mwa Julai zilifika habari kutoka milima ya Umatumbi kwamba watu wamekwenda shamba la pamba wakang'oa miche. Walikuwa wamekunywa maji ya dawa yaliyotoka Ngarambe, na walisema risasi haitawapata. Wengi wao hawakuwa wamesikia hata jina la gazeti, wala hawakuhitaji kiboko awaambie lililokuwa likiwauma. Marehemu alilijua hilo, na alilisema. Akida hakutaka kulijua. Neno lilikuwa "nitang'oa", na miche ilikuwa imeng'olewa, naye alihitaji mtu wa kumpeleka kwa bwana mkubwa wa boma.

Bwana Rajabali alimtuma marehemu Salale, ndani kabisa ya delta, kusimamia upakiaji wa boriti, akamwambia asirudi mpaka aitwe. Mikokoni kule hakuna upeo. Ukisikia kasia hujui ni la nani mpaka mtumbwi umefika usoni. Marehemu alitusimulia kwamba wakata boriti waliacha kuimba wiki ile ya pili ya Agosti, na hakuna aliyewaambia waache. Moshi ulionekana upande wa kusini. Kila asubuhi ulikuwa umeongezeka, na wazee walikuwa wakiutazama na kutaja majina ya vijiji kwa sauti ya chini, kila mmoja akitaja cha kwao.

Askari walikuja hapa Umwe kumtafuta Kiboko. Kila mtu alimjua, na hakuna aliyemtaja. Walipoanza kumfunga Mzee Huseni, Tamimu alitoka shambani na jembe mkononi akasema, "Mwacheni mzee. Kiboko ni mimi." Mkewe, Bi Mwanajuma, alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mjamzito wa miezi minne. Anasema Tamimu aliliegemeza jembe ukutani taratibu, kama mtu anayekusudia kulitumia jioni.

Kule bomani akida aliligundua jambo moja, kwamba Tamimu hakujua kuandika. Bwana Rajabali aliitwa kueleza mkono ulioandika barua zile ni wa nani. Yeye ndiye aliyemsimulia marehemu yaliyosemwa.

"Maneno ni yangu," Tamimu alisema. "Yote. Niulizeni barua yoyote nitaisema."

"Na mkono?" akida aliuliza.

"Mkono ni wa karani mmoja aliyekwenda zake Unguja."

Akida alimgeukia Bwana Rajabali. Naye akasema, "Ndiyo, alikuwapo karani huyo. Aliondoka zamani." Alikuwa na mke na watoto ndani ya mji ule ule, na jibu lake lingeweza kuwamaliza wote. Familia ya Mpendu haijasahau.

Tamimu bin Huseni alinyongwa Mohoro Jumamosi, tarehe 26 Agosti 1905. Mwili haukutolewa kwa ndugu.

Marehemu alipata habari Salale siku mbili baadaye. Hakungoja kuitwa. Alipiga kasia mpaka Mohoro, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa akida, akamkuta barazani anakula chungwa.

"Bwana akida, mmemnyonga siye. Barua niliandika mimi."

Akida hakushtuka. Aliendelea kumenya. "Kiboko amekwisha nyongwa," alisema. "Bwana mkubwa ameandika kwa gavana kwamba amenyongwa. Sasa wewe unataka nikamwambie kwamba nilimletea mtu siye?"

"Nataka mseme kweli."

"Mama yako yu hai? Yuko Umwe bado?"

Marehemu aliitikia kwa kichwa.

"Basi nenda kamwangalie," akida alisema, akampa kipande cha chungwa. "Na usiandike tena. Siku nikiona Kiboko amefufuka, sitakuja kwako. Nitakwenda kwa Bi Biasha."

Marehemu alikipokea kipande kile, kwa sababu aliogopa kutokipokea. Haya ndiyo aliyotaka yasemwe.

Vita viliendelea mpaka mwaka 1907, na upande wa kusini vijiji viliungua na maghala pamoja navyo. Upande wetu wa kaskazini wengi hawakuchukua maji, lakini njaa haikuuliza nani alichukua. Watu walichimba ndiga, mizizi ya mwitu ambayo isipolowekwa siku nyingi inaua, na wapo waliokufa kwa sababu hawakuweza kungoja. Mzee Huseni alifariki mwaka 1906, na Bi Biasha Machi 1907. Marehemu aliwazika wote wawili. Shaabani, mtoto wa Tamimu, alizaliwa Januari 1906 katikati ya njaa hiyo, na marehemu alimtafutia maziwa ya mbuzi mpaka Bungu kwa miguu.

Tarehe 9 Mei 1908 marehemu alimwoa Bi Mwanajuma, mjane wa nduguye, hapa Umwe. Bi Mwanajuma alikubali mbele ya wazee, kisha akamwita pembeni. "Nitakupikia, nitalima nawe, nitakuzalia Mungu akipenda," alimwambia. "Ila usinichekeshe. Nikicheka namwona yeye." Marehemu aliitika. Kwa miaka kumi na moja nyumba ile ilikuwa ya watu wanaopendana na wasiocheka. Mwaka 1919 mbuzi wetu aliingia msikitini wakati wa sala, akaitia pembe kofia ya imamu na kutoka nayo kichwani. Marehemu alirudi nyumbani, akakaa, machozi yakimtoka kwa kujizuia kucheka. Bi Mwanajuma alimtazama kwa muda mrefu. "Haya, sema," alimwambia. Alisema. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, na kicheko kile kiligeuka kilio, naye marehemu alikaa karibu yake mpaka kikatulia. Tangu siku ile walicheka kama watu wengine. Walijaliwa watoto watatu: Mwantum, Huseni na Mwajabu.

Wakati wa Waingereza, kuanzia mwaka 1923, marehemu alirudi magazetini. Aliandika kwa jina lake mwenyewe habari za harusi, za mbuzi, za mabasi yaliyokwama Ikwiriri, za bwana aliyenunua viatu vya mguu mmoja. Pwani nzima ilimjua. Watu walimsimamisha njiani na kuanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kiboko hakumwandika tena. Na kila mwezi wa Agosti alikuwa mtu mwingine. Alikaa akiutazama upande wa mtoni, na sisi watoto tulipita nyuma ya nyumba bila kuambiwa.

Riwaya yake, *Waliovuka Mohoro*, aliianza mwaka 1934 na kuimaliza mwaka 1948. Aliipeleka Dar es Salaam kwenye nyumba moja ya uchapaji. Mkubwa wa pale aliisoma, akamwita, akamkaribisha chai.

"Mzee, watu wanakupenda kwa kuwachekesha," alisema. "Hapa mtu ananyongwa sura ya nne. Huwezi kumwacha akatoroka?"

"Kama ningeweza kumtorosha," marehemu alijibu, "ningemtorosha mwaka ule."

Alirudi na karatasi zake. Kibiti kulikuwa na mama mmoja mwenye duka, Bi Labhuben, mjane wa Kihindu, ambaye mumewe alimwachia mtambo mdogo wa kuchapia kwa mkono, wa kadi za harusi na vibandiko vya madebe. Ulikuwa umekaa stoo umefunikwa magunia ya ufuta. Marehemu alipomweleza shida yake, Bi Labhuben alisema, "Uchukue, Mzee Nassibu. Unakula kutu tu. Ila kila ukurasa ukitoka, unisomee."

Mwaka 1950 marehemu alifungua Chapa ya Mtoni, nyuma ya duka lile. Mwantum ndiye aliyepanga herufi. Zilikuwa herufi za risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kinakula "a" kama moto unavyokula makuti. Kila nusu ukurasa "a" zilikwisha. Walichapa nusu, wakazipangua herufi, wakapanga nusu nyingine. Kitabu kilichukua mwaka mzima. Bi Labhuben alisomewa chote akiwa amekaa juu ya gunia, na sura ya nne alipomaliza kuisikia alifunga duka kutwa. Kitabu kilitoka Juni 1951. Juu ya jalada yaliandikwa majina mawili, Tamimu bin Huseni na Nassibu bin Huseni, na ndani akida aliandikwa kwa jina lake kamili.

Abdala bin Khamisi alikuwa bado hai. Alikuwa mzee sana, akiishi Bungu, akiheshimiwa. Mwezi wa Julai alikuja Kibiti kwa gari la mkwewe, akaingia kiwandani kwa mkongojo, akaketi bila kukaribishwa. Macho yake yalikuwa yamefifia. Alitaka asomewe mahali alipotajwa, na Mwantum akamsomea.

"Chungwa nilikuwa nakula, kweli," alisema mwishoni. "Una kumbukumbu nzuri." Kisha akasema, "Jina langu umelitia lote."

"Lote," marehemu alijibu.

"Nina wajukuu, Nassibu. Wanakwenda shule."

"Na mimi nina mtoto wa kaka yangu. Naye alikwenda shule." Marehemu aliweka kalamu chini. "Bwana Abdala, nina swali moja tu. Mwili wa Tamimu mliuzika wapi?"

Mzee yule alifikiri, na tuliamini kwamba anakumbuka. "Walizikwa wengi siku zile," alisema. "Mimi sikukaa kuangalia. Nilirudi nyumbani kula."

Aliondoka kwa adabu kama alivyozoea. Mlangoni alisema kitabu kile hakitakaa sana. Wiki haikwisha tulikuta mlango wa kiwanda umevunjwa na vitabu vilivyobaki vimechomwa uani, majivu yakiwa bado na joto. Herufi zilikuwa zimemwagwa mchangani. Hatumtaji mtu, kwa maana hatukumwona mtu. Marehemu alikaa chini mchangani na kusema, "Anza na 'a'. Ndizo tunazozihitaji." Sote, pamoja na Bi Labhuben na Shaabani aliyekuja mbio kutoka Umwe, tuliziokota na kuzipepeta kama mchele. Kitabu kilichapwa mara ya pili mwaka 1952, na mara ya tatu mwaka 1955. Chapa ya Mtoni iliendelea kutoa vitabu vya waandishi wengine wa huku kwetu, ambao hakuna mwingine aliyewataka. Abdala bin Khamisi alipofariki mwaka 1953, marehemu alikwenda mazikoni Bungu, akasimama safu ya nyuma, akamwombea dua kama inavyompasa Mwislamu. Hakueleza zaidi, nasi hatukumuuliza.

Maradhi yalimwanza mwishoni mwa mwaka 1957, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alilazwa Dar es Salaam mara mbili, kisha akaomba arudishwe. Miezi ya mwisho alikaa Kibiti, dirisha likiwa wazi upande wa barabara. Kila gari lililopunguza mwendo alishtuka na kuuliza, "Wanamtafuta nani?" Tulimjibu kwamba ni abiria wanashuka. Alikubali, lakini gari lililofuata aliuliza tena. Siku moja Bi Mwanajuma alimwambia, "Nassibu, hawaji tena. Wamekwisha kufa wote." Alimjibu kwa utulivu, "Wale wamekufa. Nauliza wa sasa." Wiki ya mwisho hakutaka chakula, ila maji kidogo na sauti ya mtu akimsomea Kurani. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1959, saa tatu asubuhi, Bi Mwanajuma akiwa amemshika mkono, baada ya kutamka shahada mwenyewe kwa sauti tuliyoisikia sote. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanajuma, ambaye amekaa mkeka wa mbele. Watoto, Mwantum, Huseni na Mwajabu. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Na rafiki wa kazi yake, Bi Labhuben, aliyefunga duka siku tatu hizi. Ameacha pia mtoto mwingine, Shaabani bin Tamimu, aliyemlea tangu siku aliyozaliwa na ambaye hakupata kumzika baba yake. Ijumaa jeneza lilipofika kaburini watu walimpisha Huseni ashuke. Huseni alirudi nyuma. Shaabani ndiye aliyeshuka, akainua mikono, akampokea, akamlaza mwenyewe juu ya ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla.

Ewe Mola, mpe marehemu Nassibu na ndugu yake Tamimu, popote alipolala, amani isiyobishiwa hodi na mtu. Amina.